Kihisi kinaonyesha nyuzi 112, prosesa iko 41: niamini kipi?

*Swali: Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel na ninatumia Linux. Nilitaka kufuatilia joto, nikaendesha sensors-detect, ikaniambia nipakie draiva ya nct6775, inayosoma chipu ya vihisi kwenye ubao mama. Draiva ilikataa, logi ya kerneli ikataja mgongano wa rasilimali na ACPI (njia ambayo programu dhibiti ya ubao mama huzungumza na mfumo). Nikashauriwa kuongeza acpi_enforce_resources=lax wakati wa kuwasha, na kweli ikakubali. Sasa amri ya sensors inanionyesha Package id 0 nyuzi 41, SYSTIN 34, CPUTIN 38, AUXTIN1 112, AUXTIN2 -62, na acpitz 27.8 ambayo haijawahi kusogea. Nimefungua mashine mara mbili na kubadilisha pesti ya prosesa, 112 iko palepale. Kwa usalama nimeiweka fancontrol, programu ya kuendesha kasi ya feni, ifuate AUXTIN1 kwa kuwa ndiyo ya juu kuliko zote, na feni zinanguruma mchana kutwa. Mtu mwingine ananiambia nitumie force_id ili chipu itambuliwe sawasawa. Je, kuna kitu kinaungua humo ndani, au chipu imetambuliwa vibaya?*

Nikutoe hofu kwanza. Kwa namba ulizoandika, hakuna kinachoungua. Prosesa yako iko nyuzi 41, na katika orodha yako yote hiyo ndiyo namba ninayoiamini zaidi. Tafadhali usiifungue mashine mara ya tatu. Pesti haihusiki na hiyo 112, na kila unapolegeza kipoozeo unajiongezea nafasi ya kukirudisha kikiwa kimekaa upande.

Chipu nayo haikutambuliwa vibaya. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wakiona namba ya ajabu hudhani draiva imekosea jina la chipu, kisha huanza kuilazimisha. Draiva yako inajua vizuri inazungumza na chipu gani. Isichokijua, na haina njia ya kukijua, ni kile ambacho mtengenezaji wa ubao mama alikiunganisha kwenye pini za chipu hiyo. Ukilishika hilo, karibu kila namba katika orodha yako inajieleza.

Tuanze na jinsi chipu inavyotambuliwa. Vifaa vinavyokaa kwenye PCI hujitambulisha vyenyewe, lakini chipu ya aina yako, inayoitwa Super I/O, haijitambulishi. Draiva ndiyo inayokwenda kubisha hodi. Kwa familia ya Nuvoton, huandika 0x87 mara mbili kwenye poti 0x2e, na hapo chipu hufungua mlango wa mipangilio yake. Kisha draiva husoma rejista (vijisehemu vya kumbukumbu ndani ya chipu) 0x20 na 0x21, ambazo kwa pamoja hutoa namba ya utambulisho. NCT6779, kwa mfano, hujibu 0xc560, na biti chache za mwisho hupuuzwa kwa kuwa zinaeleza toleo tu. Baada ya hapo draiva huuliza sehemu ya kupima joto na volteji ilipo, na jibu la kawaida ni anwani 0x290. Ukitafuta nct6775 ndani ya dmesg, amri inayoonyesha logi ya kerneli, utaona mstari unaotaja chipu iliyopatikana na anwani zake mbili. Mstari huo ukiwepo na jina la chipu likiwa limetajwa, suala la utambuzi limekwisha.

Utambuzi unaoweza kukosewa kweli ni wa basi la SMBus, njia ya waya inayounganisha vipande vidogo vya ubao mama. Kule kuna vihisi vya zamani kama LM75, ambavyo havina rejista ya utambulisho hata moja. Programu inayovitafuta huangalia tu kama rejista fulani zinatoa majibu yanayofanana na ya LM75, halafu inakisia. Ndiyo maana sensors-detect hukupa kiwango cha uhakika pamoja na jina, na ndiyo maana maswali yake yenye hatari huja na jibu la "hapana" likiwa limependekezwa. Yaheshimu mapendekezo hayo. Kupapasa basi hilo bila uangalifu kuliwahi kuharibu kumbukumbu ya EEPROM kwenye baadhi ya kompyuta za IBM, na mpaka leo draiva ya i2c-piix4 ina kipande kinachokagua kama mashine ni ya IBM na kukataa kupakiwa ikiwa ndivyo. Lakini namba zako zimetoka kwenye Super I/O, kwa hiyo shida hiyo si yako.

Sasa tuje kwenye 112 na -62. Chipu kama NCT6779 ina njia kadhaa za kupokea joto: SYSTIN, CPUTIN, na AUXTIN0 hadi AUXTIN3. Haya ni majina ya pini katika karatasi za mtengenezaji wa chipu. Mtengenezaji wa ubao mama hununua chipu, hutumia pini anazozitaka, na zilizobaki huziacha wazi. Kwenye pini inayotumika huwa kuna themista, kipande ambacho ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Ya kawaida huwa na omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Chipu hupima volteji, huigeuza kuwa ukinzani, na ukinzani kuwa joto. Ukiondoa themista, pini haiwi na "hakuna jibu". Bado kuna volteji fulani pale, nayo hupimwa na kugeuzwa kuwa nyuzi kama kawaida. Ukinzani ukionekana mkubwa mno, hesabu hutoa baridi kali. Volteji ikielea upande wa pili, hutoka joto la kutisha. AUXTIN1 na AUXTIN2 zako ni pini mbili tupu zinazoelea pande tofauti. Draiva inakuletea kwa uaminifu kabisa kipimo cha kitu ambacho hakipo.

Zipo namba nyingine za aina hii ambazo inafaa uzizoee. Ukiona 127 au -128, hiyo ndiyo mipaka miwili ya baiti moja yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukiona 255, huenda ni hiyohiyo baiti imesomwa bila alama, au chipu haikujibu kabisa na biti zote zikasomeka 1. Prosesa haifikii nyuzi 127 huku wewe ukiendelea kuandika barua pepe.

Ile 27.8 ya acpitz ina hadithi yake. ACPI hutoa joto kwa sehemu za kumi za kelvini. Waandishi wa programu dhibiti ya ubao mama, pale wasipokuwa na kihisi cha kuunganisha, mara nyingi huandika namba kavu kwenye jedwali ili tu kuwe na jibu. Wakiandika 3010, hiyo ni kelvini 301.0, kerneli ikitoa 273.2, inabaki 27.8. Kwa hiyo hukuona kipimo cha joto, uliona namba iliyoandikwa na mtu ofisini siku ubao huo ulipotayarishwa. Haitasogea kamwe. Kwenye kompyuta nyingi za kubebeka acpitz ni kipimo cha kweli, kwa hiyo usiihukumu kwa jina lake. Ihukumu kwa kuangalia kama inasogea.

Kwa nini basi ninaiamini 41? Kwa sababu njia yake ni fupi. Draiva ya coretemp haipiti kwenye pini yoyote ya ubao mama. Inaiuliza prosesa yenyewe, kupitia rejista yake ya ndani, iko nyuzi ngapi chini ya kikomo chake, kikomo ambacho huitwa TjMax na ambacho kwa prosesa nyingi za mezani za Intel ni nyuzi 100. Prosesa ikijibu 59, coretemp hufanya 100 kutoa 59, unapata 41. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kihisi kilitengenezwa kiwe sahihi karibu na kikomo, si kwenye baridi. Kwa hiyo 41 inaweza kuwa na kosa la nyuzi kadhaa. Hilo halina madhara, kwa sababu usahihi unahitajika juu, na huko upo.

Kipo kielelezo kingine ninachokipenda kuliko namba yoyote ya joto. Fungua faili hili:

/sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/package_throttle_count

Humo kuna hesabu ya mara ambazo prosesa imejipunguza kasi kwa sababu ya joto tangu ulipoiwasha mashine. Ikiwa ni sifuri baada ya siku nzima ya kazi, prosesa haijawahi kugusa kikomo chake, hata orodha ya vihisi iseme nini. Zaidi ya hapo, kujizima kwa dharura joto likivuka mpaka ni kazi ya maunzi yenyewe. Hakutegemei Linux, draiva, wala fancontrol.

Vihisi vingine vijaribu kwa mzigo. Iache mashine itulie dakika kumi, andika namba zote. Kisha ipe prosesa kazi nzito kwenye viini vyote kwa dakika tano, kwa programu kama stress-ng, huku ukitazama amri ya watch sensors. Package id 0 inatakiwa kuruka ndani ya sekunde chache na kushuka haraka vilevile mzigo ukiisha. CPUTIN, ikiwa ina themista karibu na soketi, itapanda polepole na kwa kiasi kidogo. SYSTIN itapanda nyuzi chache tu baada ya dakika kadhaa. Kisichosogea hata kidogo, kinachoruka nyuzi ishirini huku na huko bila sababu, au kilicho chini ya joto la chumba, kiweke kando. Hilo la mwisho halihitaji hata mzigo: mashine inayopozwa kwa hewa haiwezi kuwa na kipande chenye baridi kuliko hewa inayoipoza, achilia mbali nyuzi 62 chini ya sifuri.

Linganisha pia na ukurasa wa joto ndani ya BIOS. Aliyeandika BIOS ya ubao wako ndiye anayejua pini ipi imeunganishwa na nini. Ikiwa BIOS inaonyesha joto la aina mbili tu na Linux inaonyesha saba, hizo tano za ziada zinatakiwa kukuthibitishia uhalali wao kabla hujazitegemea.

Nifafanue aina moja ya kosa iliyo ngumu zaidi kuigundua, kwa kuwa namba yake husogea. Kihisi kinaweza kuwa themista, au daiodi, au transista, na chipu hupima kila aina kwa hesabu tofauti. Rejista ikisema "daiodi" na kilichopo ni themista, utapata namba inayopanda na kushuka pamoja na mzigo lakini iliyokosewa kwa nyuzi nyingi. Kerneli huonyesha aina hiyo kwenye faili la temp1_type na wenzake: 3 ni daiodi, 4 ni themista, 6 ni PECI, ambapo chipu huiuliza prosesa ya Intel kidijitali. Kwa kawaida BIOS ndiyo iliyoweka aina sahihi kabla Linux haijaamka, kwa hiyo usiibadilishe kwa kubahatisha. Na wenye prosesa za AMD wasichanganye hili na jambo jingine: kwenye Ryzen 7 2700X, namba inayoitwa Tctl huwa juu ya joto halisi kwa nyuzi 10 kwa makusudi, na kwenye 1700X na 1800X kwa nyuzi 20. Huo ni uamuzi wa AMD kuhusu udhibiti wa feni. Tdie ndiyo joto lenyewe.

Sasa hatari iliyopo kweli kwenye mashine yako, ambayo hukuiulizia: ile acpi_enforce_resources=lax, inayoiambia kerneli ipuuze mgongano huo. Kerneli ilipokataa draiva, haikuwa ikikusumbua. ACPI ilikuwa imetangaza kwamba poti zilezile ni zake. Chipu hii husomwa kwa hatua mbili: unaandika namba ya rejista kwenye poti moja, 0x295, kisha unasoma thamani kwenye ya pili, 0x296, na kabla ya hapo huenda ukalazimika kuchagua benki (kundi) ya rejista. Ikiwa msimbo wa ACPI utaingia katikati ya hatua hizo na kuchagua rejista nyingine, draiva itasoma kitu tofauti na ilichokitaka. Hapo utaona namba zikiruka mara moja moja bila mpangilio. Kusoma vibaya hakuleti madhara makubwa. Kuandika vibaya ndiko kunakotisha, maana rejista za kasi ya feni na za volteji ziko kwenye chipu hiyohiyo.

Je, uiondoe? Mbao mama nyingi hutangaza poti hizo na kamwe haziziguse tena, na watu wengi hutumia lax miaka nenda rudi bila tatizo. Lakini kwa nje huwezi kujua ubao wako uko kundi gani. Ushauri wangu ni huu: kama unachohitaji ni joto la prosesa tu, iondoe lax na uiache nct6775 bila kupakiwa, coretemp inakutosha. Kama unahitaji kasi ya feni na joto la ubao, angalia kwanza kama kuna njia isiyogongana. Kwa baadhi ya mbao za ASUS, kuanzia kerneli 5.17, draiva hii huweza kupitia WMI, ambayo ni mlango rasmi wa programu dhibiti. Wenye chipu za ITE wana chaguo la ignore_resource_conflict ndani ya draiva ya it87 kwenye kerneli za karibuni, linalolegeza ulinzi kwa draiva hiyo moja badala ya mfumo mzima. Ukiamua kubaki na lax, itumie kwa kusoma tu, usiruhusu chochote kiandike kwenye chipu.

Kuhusu force_id, usiitumie. Inaiambia draiva ipuuze jibu la chipu na kuamini namba unayoitaja wewe. Kwako haina kazi, maana chipu ilishajulikana. Na hata kwa mwenye chipu mpya isiyotambuliwa, ni chombo cha majaribio kwa anayeweza kusoma karatasi za chipu zote mbili, kwa sababu rejista iliyokuwa ya joto kwenye moja inaweza kuwa ya feni kwenye nyingine. Kuendesha pwmconfig juu ya chipu iliyolazimishwa ni jambo la kuogopa hasa: programu hiyo hufanya kazi kwa kuzisimamisha feni moja baada ya nyingine.

Hilo linatufikisha kwenye kelele. Fancontrol inaona 112, inaona imevuka MAXTEMP (joto la juu lililowekwa kwenye mipangilio yake), inazipeleka feni hadi mwisho, na haitaacha kamwe kwa kuwa pini tupu haipoi. Izime fancontrol leo, uwashe mashine upya, na uirudishie BIOS kazi ya feni. Kwa kompyuta ya mezani ya kawaida napendelea mpango huo hata vihisi vyote vikiwa sahihi, kwa kuwa BIOS itaendelea kuzungusha feni hata Linux ikiganda. Ukiwa na sababu ya msingi ya kutumia fancontrol, basi ifuate joto la coretemp, na uendeshe pwmconfig ukiwa umekaa mbele ya mashine. Kumbuka pia kwamba namba za hwmon, majina ambayo kerneli huvipa vifaa vyenye vihisi, hubadilika: hwmon2 ya leo inaweza kuwa hwmon4 baada ya kuwasha upya. Fancontrol hukagua hilo na kugoma, lakini skripti ya kuandika mwenyewe haitakagua usipoielekeza isome faili la name kwanza.

Ili namba za uongo zisikutishe tena, zifiche. Endesha sensors -u uone jina la ndani la kila kihisi. Kwa kawaida kwenye NCT6779 AUXTIN1 ni temp4 na AUXTIN2 ni temp5. Kisha tengeneza faili ndani ya /etc/sensors.d/ lenye mistari kama hii:

chip "nct6779-*"
    ignore temp4
    ignore temp5
    label temp1 "Ubao"

Na la acpitz:

chip "acpitz-*"
    ignore temp1

Jina la chipu liwe lile unaloliona wewe kwenye sensors. Usinakili faili la mtu mwenye chipu kama yako kama ubao wake si uleule, maana pini aliyoificha yeye inaweza kuwa ndiyo yenye kihisi kwako. Usiweke pia mstari wa compute wa kupunguza nyuzi hadi 112 ionekane 45. Pini tupu ikipunguzwa bado ni pini tupu, na safari hii itaonekana ya kuaminika.

Kuna wakati wa kuacha kibodi na kumwita fundi aiangalie mashine. Kihisi kilichokuwa kikitoa namba za maana kwa muda mrefu, kisha ghafla kikaanza kusema -62, kinaweza kuwa kimekatika waya au kuchomoka. Package id 0 ikiwa juu ya 80 mashine ikiwa imetulia, au ikifika karibu na 100 sekunde chache tu baada ya mzigo kuanza, kipoozeo hakijakaa au feni yake haizunguki. Na kwa kuwa wewe umekifungua mara mbili, jaribio la mzigo nililokuelekeza lifanye hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Hesabu ya package_throttle_count ikiongezeka kwa kazi nyepesi, mashine ikijizima bila onyo, ukisikia harufu ya kuungua au ukiona kapasita zimevimba, chomoa umeme kabla ya kufanya lolote. Na usifungue kisanduku cha ugavi wa umeme wewe mwenyewe. Ndani yake hubaki chaji hata baada ya kuchomolewa.

Ukimaliza jaribio la mzigo, niandikie namba za Package id 0 na CPUTIN kabla na baada ya mzigo, jina la chipu lililomo kwenye dmesg, na namba zinazoonekana ndani ya BIOS. Kwa hizo tutajua kama CPUTIN yako ina themista ya kweli, jambo ambalo 38 peke yake haiwezi kulithibitisha.